Muki na Mgongo wa Shemeji

Jumatatu, 17 Septemba 1888

Naandika tarehe ya kizungu kwa kuwa nimekaa melini miaka mitatu. Si kama hawa jirani zangu wa mtaa wa Dunda hapa Bagamoyo, bahari wanaijua mpaka magotini. Leo mkono una hasira, herufi zinalala chali. Na zilale.

Dada yangu Dija kaja asubuhi, mimi nimemwekea mteja wembe shingoni. Hakupiga hodi. Kaangua kilio — mumewe, shemeji yangu Mtoro, kapigwa viboko ishirini na vitano nyumbani kwa Wadachi, hawa Wajerumani, na sasa kafungwa mnyororo uani. Kosa lake? Mbwa! Tena si mbwa wa kuwinda. Kimbwa cheupe, kikubwa kidogo kuliko kuku, jina lake Muki. Ni wa yule Mdachi tunayemwita Bwana Masharubu, na Mtoro ndiye mtumishi wake. Kaambiwa amnyoe, manyoya yamesokotana na kujaa kupe. Mtoro kamfunga mdomo kwa kamba, kamkalia. Mbwa kafurukuta, mkasi ukala ncha ya sikio. Basi.

Nikawaambia watu barazani: mimi Kibwana nimemnyoa mwendawazimu wa Maskati ana jambia mkononi, mbwa ni nini? Mrisho muuza samaki kadakia, ati mwendawazimu yule nilimwona kwenye kioo changu mwenyewe. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Halafu nikatia mkasi kikobani nikaenda.

Masharubu Kiswahili chake kakisoma kitabuni, kila neno linasimama peke yake kama askari wa zamu. Aliyosema ni haya: mbwa anyolewe mwili mzima, asifungwe, asitoke damu, atulie. Siku hiyo mnyororo utafunguliwa. Kabla ya siku hiyo, Mtoro viboko vitano kila alasiri. Na sikio la pili likiguswa, hamsini.

Hamsini! Nimeuona mgongo wa Mtoro. Hamsini hafiki. Ishirini tu vya kuongeza, keshakwenda kwa Mola wake.

Jumanne, 18 Septemba

Nimenyoosha mkono tu — mbwa kaning'ata dole gumba! Meno kama sindano za baniani mshona nguo. Masharubu kacheka mpaka machozi. Kisha kamwita mbwa, kambusu puani, kampiga teke. Kwa mpigo mmoja hivyo, busu na teke. Nikasema moyoni, aa, kumbe. Kila mkono unaomjia huyu una kitu nyuma yake.

Kwa hiyo nimeamua: nitamnyoa nywele za arobaini.

Mtoto wa arobaini hashikwi kichwa. Muulize kinyozi yeyote aliyefundwa. Mama anampakata ndani ya leso, mimi nakaa mbali nachezesha mkasi hewani, kacha, kacha, mpaka mtoto auzoee kama sauti ya kinu. Kisha nasogea. Kisha mgongo wa wembe shavuni, baridi, naondoa. Kisha unywele mmoja. Na akikunja uso, mkono urudi kabla hajalia. Ukirudi baada ya kulia, umemfundisha kulia. Nimewanyoa hivyo nusu ya watoto wa Bagamoyo na hakuna mwenye kovu.

Nimekaa chini ukumbini na leso ya Dija mapajani, vipande vya ng'onda, samaki mkavu, juu yake, mkasi hewani. Saa tatu nzima! Mbwa katoka chini ya meza, kaja mpaka hatua mbili, kala, karudi. Ushindi mkubwa. Sijakata hata unyoya mmoja.

Alasiri — vitano. Nililazimishwa kusimama karibu. Cha tatu kilifungua kidonda cha juzi, damu ikaruka mpaka kwenye kanzu yangu. Mtoro hakulia. Hakumtazama askari mwenye kiboko wala Masharubu. Kanitazama mimi.

Jumatano, 19 Septemba

Nimeharakisha. Mimi! Fundi!

Ni yale macho ya Mtoro, sikulala. Asubuhi mbwa kaja mpaka kwenye goti, nikasema leo leo, nikamkamata ngozi ya shingo. Kapiga ukelele kama anachinjwa. Kaning'ata kifundo cha mkono, hakuachia, nikamkung'uta, kaanguka ukutani. Masharubu kashuka ngazi mbili mbili. Ngumi moja — jino langu la pembeni liko mfukoni, nalitazama sasa hivi. Jino zuri. Lilikula halua ya Maskati.

Mtoro kapewa kumi.

Baadaye askari kaniruhusu nimpe maji. Nikamwomba radhi. Mtoro kasema polepole, midomo imepasuka, "Shemeji, fanya kama jana. Usikimbie. Mgongo bado una nafasi."

Una nafasi wapi? Nimetazama. Hakuna pa kuweka kidole.

Nilikwenda nyuma ya ukuta nikalia. Barazani nikasema jino niling'olewa na Wadachi watatu.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimeanza upya, mkasi hewani, mbali. Mbwa hasahau upesi, lakini njaa nayo haisahau. Nimegundua jambo: ukimwekea mkono ubavuni, kiganja wazi, bila kusogeza, anahema mara tatu za haraka halafu moja ndefu. Ile ndefu ndiyo ruhusa. Nikagusa mguu, nikaachia. Ng'onda. Nikagusa tena. Adhuhuri ikafika nikaweka mgongo wa mkasi begani, nikaondoa. Kisha nikakata. Fundo moja! Kubwa kama kokwa ya embe! Hakutikisika.

Kisha kanilamba mkono.

Najisi! Siku zote hizi nilikuwa najipaka majivu viganjani, maana mwalimu alitufundisha mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Sasa mate yenyewe haya, mpaka kwenye kucha. Nikaenda kisimani, nikajisugua mara saba, ya kwanza kwa udongo, nahesabu kwa sauti nisikosee. Mrisho yupo na kapu lake. Kapaza sauti watu wasikie, ati kinyozi wa mbwa, nani atampa kidevu chake? Na kweli, tangu jana hakuna aliyekaa kwenye kigoda changu. Hayo ningeyameza. Lakini kaongeza: "Na shemeji yako naye mbwa, kafungwa kama mbwa."

Nilimpiga. Sijui mara ngapi. Kaanguka kwenye tope la kisima, samaki huku na huku, nikampanda kifuani nikampiga tena, jino lake na langu tuwe sawa. Kisha nikaona ni Mrisho tu. Nikampa mkono akasimama. Sote wawili tukaokota samaki.

Kafuta damu, kaninong'oneza. Watu wa Pangani wameshawatimua Wadachi wao. Huku ni Jumamosi. Kaniambia, Kibwana, Jumamosi usionekane ndani ya nyumba ile.

Alasiri — vitano. Mtoro kaanguka cha nne. Cha tano kapigwa amelala.

Ijumaa, 21 Septemba

Mgongo wa Muki wote umekwisha, na ubavu mmoja. Kupe arobaini na mmoja! Nimewaponda kwa kisigino, kila mmoja nimempa jina la Mdachi, na walipokwisha Wadachi nikaanza kuwapa majina ya wateja wangu waliohama.

Chini ya kwapa la mbwa, mahali hapaonekani, nimekuta makovu ya mviringo. Manne. Moto wa sigara. Nikatazama juu, Masharubu kaegemea roshani anavuta, moshi unashuka taratibu. Mkasi ulikuwa mkononi. Ngazi ni kumi na tatu, nilizihesabu. Mbwa akahema ile pumzi ndefu, nikaendelea kunyoa.

Sala ya Ijumaa watu wengi, nyuso ngeni, bunduki zimefungwa ndani ya mikeka. Manowari ya Wadachi imetia nanga nje, moshi mweusi.

Vitano. Sikuhesabu. Dija kaja mlangoni na uji, Mtoro kamtazama asimjue, kamwita kwa jina la mama yake. Dija hakulia safari hii. Kaniambia, "Kaka, kesho hana." Kaondoka na uji wake.

Jumamosi ni kesho. Mrisho kasema nisionekane. Nimebakiwa na ubavu mmoja, miguu na mkia.

Jumamosi, 22 Septemba

Niko ndani ya nyumba ya Wadachi. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko mgongoni mwa mbwa, nikiutoa anatetemeka.

Niliingia na jua. Nilikuwa kwenye mguu wa mwisho bunduki zilipoanza. Kwanza upande wa sokoni, kama makuti yanayoungua, halafu kila upande. Masharubu na wenzake juu, wanapiga kwa madirisha. Maganda ya risasi yanashuka ngazi yanalia kama rupia. Mimi chini, kacha, kacha. Risasi moja imepita mlangoni, imevunja mtungi. Muki karuka, karudi mwenyewe kwenye leso. Nimemaliza mkia. Wallahi, nimemaliza mkia katikati ya vita! Hana tone la damu. Hakuna kinyozi Unguja wala Bombei aliyefanya hivi, na hakuna atakayeniamini.

Nimechungulia. Uchochoroni watu sita wamelala. Mmoja ni Mrisho. Sijui bunduki kaipata wapi, ya zamani, ndefu kuliko yeye. Nusu ya uso haipo. Nimemjua kwa kidevu, mimi ndiye niliyekuwa nakinyoa.

Uani Mtoro yu hai. Kajiburuta mpaka mnyororo ulipomwishia, kajibanza kwenye kivuli cha tangi la maji. Ufunguo uko mshipini kwa Masharubu.

Mabaharia wa manowari wameshuka ufukweni, kelele zao zinakaribia, na watu wetu wanakimbia wanapigwa migongoni. Masharubu kashuka sasa hivi. Mkono wa kulia umepasuliwa na risasi, unaning'inia, damu inamwagika sakafuni. Anakwenda mashuani kwa daktari wa manowari, na mbwa wake. Mkono mmoja hauwezi kumbeba mbwa anayepigana. Nimemwonyesha: bwana, kanyolewa, katulia, sikio la pili zima. Nimeonyesha uani, nimeonyesha mshipi. Kasema: mbwa kwanza, ufunguo baadaye.

Haya. Kapiga goti. Anamwita. Muki!

Muki haendi.

Anamwita tena, sauti tamu, ile ya kabla ya teke. Mbwa kajikunja ndani ya leso, kichwa kakisukumiza kwapani kwangu, katulia kama mtoto aliyeshiba ziwa. Siku tano nimemfundisha kutulia. Kwangu! Fundi mkubwa mimi.

Namsukuma. Nenda, baba. Nenda kwa bwana wako, dakika moja tu, nenda. Ng'onda imekwisha. Nimemnyanyua nimemweka mbele yake — kakenua meno, karudi mapajani. Mtoro kafumbua macho, anatutazama. Naandika ili mkono wangu usicheze, maana ukicheza mbwa atajua. Masharubu anadhani naandika dua.

Kaacha kuita. Kaegemea ukuta, kasimama. Bastola iko upande wa kulia, anaivuta kwa mkono wa kushoto, na hatazami mbwa wala mimi, anatazama uani, alipo Mtoro