Weupe Kwenye Damu ya Mama Neema

Jumatatu, 3 Machi
Malaria, mkojo, malaria, malaria. Kasulu nzima imeamkia maabara kwetu. Saa nne nikazungusha kwenye mashine damu ya Mama Neema, mwenye nyumba wangu. Daktari anataka kipimo cha mafuta. Majimaji ya juu, yanayotakiwa kuwa ya njano, meupe pee kama maziwa. Nikajua tu: kala. Nilimwambia aje na njaa!

"Sijala, mwanangu," anaapa.

Miaka miwili huku Uha imenifunza: bila ugali wa muhogo mtu hajala, hata kama kashusha lita ya maziwa. Nikaandika kwenye daftari: amekula, arudie. Nikaimwaga. Kanichefua.

Alhamisi, 6 Machi
Karudi. Safari hii sikuuliza kama amekula. Nimeuliza nini kimepita mdomoni tangu jana jioni.

"Mate tu."

Nyeupe tena. Nzito zaidi. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza dawa anazotumia. Kidonge kimoja kila asubuhi, tangu walipomkata titi la kushoto. Kinazuia homoni ya kike isiilishe saratani. Nimesoma mpaka macho yanauma. Kumbe kwa watu wachache dawa hiyo hupunguza nguvu ya vimeng'enya vinavyovunja mafuta kwenye damu. Mafuta yanalundikana. Yakizidi mno, kongosho linavimba, na mtu anaweza kufa. Siku nne nimezipoteza mimi, na ujuaji wangu niliotoka nao Tanga. Mjinga mkubwa.

Daktari kaenda Kibondo. Simu haipatikani. Nikamsihi Mama Neema asubiri kidogo, asimeze kidonge kwanza. Akasema hicho ndicho kinachomweka hai. Akameza mbele yangu.

Jumapili, 9 Machi
Kaanguka kanisani. Tumbo, mpaka mgongoni. Anatapika. Kwenye bajaji nilimshika mkono.

Jumamosi, 15 Machi
Maumivu yametulia. Daktari kasimamisha vidonge. Dawa ya aina nyingine imeagizwa, haijafika, na hakuna anayejua lini.

Leo majimaji ya damu yake yameanza kurudi njano. Kwa furaha nikakipeleka kichupa wodini akione. Alikitazama. Kisha akaweka kiganja kwenye titi la kulia.

"Na hili, mwanangu, sasa linalindwa na nani?"

Nikamwambia nakwenda kuosha vifaa. Vilikuwa vimeshaoshwa.