Laini Iliyofupishwa

Mke wangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila ukungu. Asubuhi unafunika nguzo zote mpaka majukwaa yetu yanaonekana kama yanaelea. Mpishi amenyoa ndevu, sasa tunamwita bwana harusi.

Uliniuliza tunafanya nini hasa. Laini kutoka bwawani hadi huko mjini ni ndefu mno. Umeme unafika umechoka, na mzigo ukizidi, laini nzima inayumba. Ndiyo maana tumeunga kapasita katikati ya njia, juu ya majukwaa. Zinapunguza kinachouzuia umeme, na laini inabeba zaidi, kana kwamba imefupishwa.

Jana mchana tuliziwasha. Zikavuma taratibu, kama mtu anayebembeleza. Msimamizi akapiga simu kituo cha mjini.

"Umeme umetulia tuli," wakamjibu, "na viwanda vyote vinafanya kazi."

Nikakaa palepale kwenye kokoto.

"Vipi, unaumwa?" msimamizi akauliza.

"Hapana, mzee. Binti yangu kazaliwa kabla ya wakati, yumo kwenye mashine ya joto hospitalini huko mjini. Umeme ukikatika, mama yake anamkumbatia kifuani mpaka urudi."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Ningesema, ungeniambia niende. Nani angeziunga?"

Alinivua kofia ya kazi kwa mkono wake, akaniagiza nipande gari la vifaa la kesho, nije kwenu.

Barua hii nitakukabidhi mwenyewe, mama mtoto. Isome wewe kwanza, maana nikimwona binti yetu, mdomo wangu utakuwa mzito.

Ni mimi, baba yake.