Kipa Niliyemwita Mlevi

Mjukuu wangu Rehema,

Hujambo, mama? Bibi yako angekuwa hai angetangulia kukusalimu. Mimi bado niko huku ughaibuni, mtaa wa St. James Town. Binamu zako wanaokaa Markham, mji wa jirani, huja Jumapili. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Umeniuliza kama uache habari za mpira ili uandike riwaya. Nikiwa mwandishi kijana Morogoro, kipa mmoja alifungwa mabao sita. Nikaandika gazetini kwamba alidaka kama mlevi. Gazeti lilipotoka, mkewe akaja ofisini.

"Asubuhi ya mechi ile tulizika mtoto," akasema. "Alicheza kwa kuwa timu haikuwa na kipa mwingine. Ungemuuliza tu."

Hakudaka tena.

Tangu hapo nimejaribu kuandika riwaya juu yake, nikashindwa. Mtunzi wa hadithi angemtazama usoni kabla ya kuhesabu mabao. Mwandishi wa habari wa kweli angemfuata mama yule, amuulize mtoto aliitwa nani. Mimi niliinamisha kichwa tu.

Usiache gazeti, na riwaya iandike. Kwangu muda umepita. Kipa alishafariki, mkewe sijui aliko, na daftari langu la riwaya lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa.

Babu yako