Kutibu Si Kuponya

Jumanne. Ukungu umeshuka Mbinga tangu alfajiri, na mpaka sasa, saa nane mchana, sijauona mlima. Kahawa niliyoianika jana nimeirudisha ndani. Miguu ina baridi na moyo hauko mahali pake.

Mlionizoea humu mnaijua kazi ya ukurasa huu. Nimestaafu uuguzi, nina simu, nina muda, basi nawaeleza wanafunzi maneno ya Kiingereza yanayokaribiana maana: see, look na watch, say na tell, hear na listen. Habari zangu mwenyewe sijawahi kuziandika. Leo naandika. Asiyependa aruke.

Asubuhi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza: "Shikamoo bibi. Treat, cure na heal zinatofautianaje? Mwalimu wetu ametuambia zote ni kuponya."

Nilimjibu kwa mistari mitatu. Treat ni kutibu, yaani kumhudumia mgonjwa, apone asipone. Cure ni kuponya, ugonjwa wenyewe uondoke. Heal ni kidonda kufunga, mfupa kuunga, hata moyo kutulia. Akashukuru, akaenda zake.

Sikumwambia nilivyoijua tofauti hiyo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya misheni kule chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi ni Mmatengo wa Maguu, mtoto wa mkulima wa kahawa. Baba alikuwa akiwaambia watu baada ya misa kwamba binti yake anaongea na Wazungu ana kwa ana. Nilikuwa na Kiingereza cha darasa la nane. Niliweza kusoma kwa sauti bila kukwama, na watu wakidhani anayesoma hivyo anaelewa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mganga msaidizi aliyekuwa akimtafsiria daktari alihamishwa. Daktari alikuwa kijana, mtu mwema, ametoka Uingereza miezi michache tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Akaniuliza mbele ya wenzangu kama najua Kiingereza. Nikasema, "Yes, Doctor." Toka siku hiyo nikawa nafuatana naye kitanda kwa kitanda. Nilivaa soksi nyeupe hata siku za joto.

Mwaka huohuo aliletwa Mzee Damiani, seremala wa Lundo. Hakuwa mzee sana, labda miaka hamsini, lakini tumbo lilikuwa limevimba na macho yamekuwa ya manjano. Alikuja na mkewe, Mama Yustina, mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuimba kanisani. Kwao walisema Kimpoto, kwetu tulisema Kimatengo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha.

Daktari alimpima kwa siku nne. Siku ya tano akamketisha Mama Yustina kwenye benchi kando ya kitanda, akaniambia nitafsiri. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo. "I'm sorry. We can treat him here for as long as you like. Or you may take him home."

Sorry niliielewa kama pole. Kwetu pole hupewa hata aliyejikwaa kidole, kwa hiyo sikushtuka. Na treat? Kitabu chetu cha shule kilikuwa na sentensi kwamba daktari anatreat wagonjwa, na mwalimu alituandikia ubaoni: Daktari anaponya wagonjwa. Sikusita hata kidogo.

"Daktari anawapa pole," nikasema. "Anasema anaweza kumponya hapahapa, kwa muda wowote mtakaokaa. Au mkitaka, mnaweza kumrudisha nyumbani."

Mama Yustina akapiga goti. "Turudi nyumbani kufanya nini, mwanangu? Mwambie Bwana Daktari tunabaki. Mungu ambariki."

Nikamwambia daktari wanabaki. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona anamtazama yule mama kwa huruma nyingi, nikafikiri ni ukarimu wake tu.

Mzee Damiani alikuwa na jambo lake moja. Kaka yake mkubwa, Mzee Gaudensi, alikuwa amehamia Liparamba. Serikali ilipoanza kuhimiza watu wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, wakati huo ikiwa bado kwa hiari, kaka alikubali upesi. Akasimama mkutanoni akamwita mdogo wake mwoga, mbele ya watu. Damiani naye akajibu kwamba anayeliacha kaburi la baba yake si mtoto wa baba huyo. Basi, wakaachana hapo. Miaka miwili na zaidi hawakupelekeana hata salamu.

Kila asubuhi nilipompelekea maji ya kunawa alinisimulia hilo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Nikipona, safari yangu ya kwanza ni Liparamba." Alikuwa akiipanga safari hiyo kama anayepima mbao: atalala wapi, atabeba nini, atasimama wapi uani kabla hajaitwa ndani.

Siku moja Mama Yustina akamwambia, "Baba Yustina, kwa nini tusimpelekee kaka ujumbe, aje akuone?"

Akakataa. "Mimi ndiye mdogo. Mdogo huenda kwa miguu yake kuomba radhi. Hamwiti mkubwa wake kitandani kama anamwita mtumishi. Daktari amesema nitapona. Nitakwenda."

Daktari amesema. Nilikuwepo, nimeshika beseni, nikatabasamu.

Zikapita wiki tatu. Dawa zilimtuliza maumivu, akawa anakula kidogo, na Mama Yustina akaanza kusema amenenepa mashavu. Asubuhi moja daktari akanisimamisha barazani, karatasi za Mzee Damiani mkononi. Akaniuliza, taratibu ili nimwelewe, kwa nini watu hawa hawampeleki mgonjwa wao kwao akafie kwake.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Lakini ulisema utamtreat."

Akasema ndiyo, anamtreat. Anampunguzia maumivu. Ila hawezi kumcure, wala hakuna mahali popote anapoweza kuwa cured. Ini limekwisha. "I treat everybody," akaniambia. "I cure some of them." Wote nawatibu. Baadhi yao ndio ninaowaponya.

Kisha akanitazama usoni. "You did tell them?" Uliwaambia, sivyo?

Hapo ndipo. Kosa la mwanzo lilikuwa la ujinga, na ujinga husameheka. Lakini pale barazani sikuwa mjinga tena. Niliijua tofauti. Nilikuwa na mdomo, na wodi ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka niliposimama.

Nikasema, "Yes, Doctor."

Niliogopa kuvuliwa zile soksi nyeupe. Niliogopa Baba asikie huko Maguu. Nikajiambia nitawaambia jioni. Jioni nikajiambia wacha walale. Siku ya tatu nilikwenda kweli, nikasimama miguuni pa kitanda, nikakuta Mama Yustina anamlisha uji na wote wawili wanacheka, kwa sababu tone lilikuwa limeanguka ndevuni. Nikauliza kama wanahitaji blanketi.

Wakasema blanketi lipo.

Siku ya nane macho yake yalikuwa yamezama, na hata mtoto angeona. Mama Yustina aliniuliza kama ni kawaida. Nikamjibu kwamba dawa inapofanya kazi hulegeza mwili. Hilo hakunituma daktari wala mtu yeyote. Nililitunga mwenyewe.

Siku ya kumi na moja Mzee Damiani alifariki, asubuhi, kabla sijampelekea maji.

Tulimzika karibu na hospitali, kwa sababu ya joto. Habari ilipelekwa Liparamba kwa lori lililokuwa likienda huko. Siku ya nne Mzee Gaudensi akafika, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa amefanana na mdogo wake hata kwa kucha. Alisimama kaburini muda mrefu, kisha akanijia mimi, kwa kuwa aliambiwa ndimi niliyemhudumia.

"Mwanangu, alinitaja?"

"Alikutaja kila siku, baba."

"Sasa mbona hakuniita?"

Sikumjibu. Nilitazama chini. Akangoja, nami nikaendelea kutazama chini, na nilijua kabisa kwamba yeye anausoma ukimya wangu kwa namna yake, anaona kwamba nina jibu baya namfichia. Akasema tu, "Haya," akachukua fimbo yake. Hakulala. Alirudi siku ileile.

Niliendelea na kazi. Nilisoma, nikafuzu uuguzi, nikawa mtu wa kuheshimiwa. Kitu kimoja nilikishika: daktari yeyote akisema neno, wa nje au wa kwetu, nilisema, "Sijaelewa, rudia." Madaktari vijana walinicheka. Waliniita Bibi Rudia, wakidhani sisikii.

Miaka baadaye, vijiji vilipokuwa vimehamishwa kwa operesheni na si kwa hiari tena, tulishuka Lundo kwa kliniki ya mama na mtoto. Nilimkuta Mama Yustina mbele ya nyumba mpya, safu ya tatu kutoka barabarani, anamenya muhogo. Alinikumbatia. Akaniita mwanangu. Akatandika mkeka nikae, akaweka mbasa, samaki wa ziwani, jikoni.

Nilimwambia. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilimwambia kuhusu neno, nilivyolielewa na lilivyokuwa. Akasikiliza, kisu hakikusimama. Nadhani alikuwa tayari kunisamehe; niliona uso wake unalegea. Mtoto wa shule, Kiingereza cha watu, nani asingekosea?

Kisha nikamwambia la barazani.

Kisu kikasimama. "Ulijua siku ngapi kabla hajafa?"

"Kumi na moja, mama."

Akaviinua vidole vilivyojaa unga mweupe wa muhogo, akahesabu polepole. "Liparamba ni siku mbili kwa miguu. Mbili kwenda, mbili kurudi." Akakunja vidole vinne. "Zingebaki saba."



"Shemeji alikufa mwaka jana," akaendelea. "Alikufa akiwaambia watoto wake kwamba Damiani alimkataa mpaka kaburini. Watoto wale hawaji kwetu. Misiba yetu hawaji, arusi zetu hawaji."

Nikamwomba awaambie. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Huu mzigo ni wako kuupeleka. Mimi siwezi kukubebea."

Alinipakulia. Mkono wa mtu wa ziwani haumnyimi mgeni. Alikata ugali wa muhogo, akaweka kipande kizuri cha samaki upande wangu, akasema, "Kula, nesi." Nilikula. Ndiyo mara ya mwisho kuonana naye. Alifariki nikiwa kazini mkoa mwingine, nikaambiwa kwa barua.

Liparamba sikwenda. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimestaafu. Nimekwenda Songea mara zisizo na idadi, nimekwenda hata Dar es Salaam. Liparamba sikwenda. Kwanza nilisema barabara mbaya. Barabara ikatengenezwa. Kisha nikasema ni mambo ya zamani, nani anayakumbuka? Lakini mwaka jana nilikutana na mtu wa kule kwenye mnada, nikamuuliza kwa mbali, kama anayeuliza bei ya kitu asichokihitaji, habari za ukoo wa Mzee Gaudensi. Akasema wapo. Akasema wana ndugu Lundo ila hawaelewani, toka enzi za wazee.

Enzi za wazee. Mimi ndiye enzi zenyewe, ningali hai, nafundisha watoto wa watu maneno.

Nimekuwa nikijiona mwema kwa sababu ya ukurasa huu. Nafikiri nilidhani nikiwaeleza wanafunzi mia tofauti ya neno hili na lile, ile hesabu ya vidole vya Mama Yustina ingepungua. Haikupungua hata moja. Na nimegundua leo, nikiandika, kwamba kila ninapoisimulia habari hii moyoni mwangu naanza na kitabu cha shule na yule mwalimu na ubao wake. Ni njia ndefu ya kuchelewa kufika barazani.

Alhamisi kuna gari la Liparamba. Nimeshamwambia jirani anitazamie kuku. Nimenunua sukari na sabuni, maana haiendwi nyumba ya watu mikono mitupu, hata kama huna hakika watakukaribisha.

Nitawaambia kwamba baba yao mdogo alilitaja jina la baba yao kila asubuhi, na kwamba alikuwa amepanga hata mahali pa kusimama uani. Halafu nitawaambia kwa nini baba yao hakuitwa. Treat na cure sitazitaja, isipokuwa wakiniuliza. Neno lilinichukua dakika moja kulikosea. Nitawaambia zile siku kumi na moja, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya blanketi.

Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na wenye haki.