Mama Amepanda Pikipiki Yangu

Jumapili. Mvua ya masika imeanza asubuhi, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Sasa magharibi imepita, nimeoga, nina kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, mabega yananiuma, na bado siamini.

Mama amepanda pikipiki yangu.

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua vita yetu. Kwa mgeni: naishi na mama Magomeni, nauza vifungo, zipu na lesi Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Pikipiki inanipeleka dukani asubuhi, mchana inawapelekea mafundi cherehani wa Upanga mizigo yao, jioni inanirudisha. Mama haipendi. Tangu kaka yangu Hamisi avunjike mguu akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, yeye anaiita "hilo dude lako". Nikipiga kiki tu, anaingia chumbani na kufunga mlango. Hajawahi kuniaga nikiwa juu ya pikipiki, hata siku moja.

Mimi naipenda, na sioni haya kusema. Jumamosi nikifunga duka naketi uani kwenye kigoda, nasugua cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, naipaka oili, naangalia upepo, najaribu breki. Jana nimebadilisha breki za nyuma kwa mikono yangu mwenyewe. Majirani wananicheka, ati wenzangu jioni ya Jumamosi wanasuka nywele, mimi nasuka cheni. Wacheke tu. Kuna raha ya kulizungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka kimya bila kukwaruza, na wewe ndiye uliyelitengeneza.

Na nina masharti. Simpakii mtu anayekaa upande, miguu yote upande mmoja, hata awe bibi harusi. Sipakii mishkaki, watu wawili nyuma yangu kama nyama kwenye kijiti. Siingii kwenye maji nisiyoyajua chini kuna nini. Na mvua ikianza kunyesha, sitoki. Ile ya mwanzo ndiyo mbaya, inachanganyika na vumbi na oili ya magari, lami inateleza kama mlenda. Naiacha inyeshe kwanza, ioshe barabara, ndipo natoka taratibu. Pale kijiweni vijana wa bodaboda wananiita Dada Ngoja. Nimeshazoea.

Leo asubuhi ikaja simu. Rehema, binti wa Bi Mwanahawa wa Kariakoo, analia. Bi Mwanahawa amefariki alfajiri.

Huyu ni shoga yake mama tangu wote wawili hawajaolewa. Na mama yangu ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake wenzao. Zamani waliahidiana: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Waliahidiana huku wanamenya vitunguu vya shughuli na wanacheka mpaka machozi, na sikujua kama machozi yale yalikuwa ya vitunguu au ya nini. Nilikuwepo. Nilidhani wanatania.

Rehema alisema wanamsubiri mama, lakini mazishi ni adhuhuri, wanaume wameshapanga, na waoshaji wengine wameshafika. Mama asipowahi, Bi Mwanahawa ataoshwa na mikono mingine.

Na Jangwani, njia yetu ya kwenda Kariakoo, imefungwa. Mto umepanda barabarani tangu usiku kwa mvua za huko juu, magari yote yamegeuzwa kupitia Kinondoni, na foleni haisogei. Nilimkimbilia jirani mwenye bajaji. Akaniambia dada, mimi mwenyewe nimerudi nusu njia.

Nikarudi nyumbani nikitafuta namna ya kumwambia mama kwamba imebaki pikipiki tu. Kabla sijafungua mdomo, mama akatoka chumbani. Amevaa baibui. Chini ya baibui, suruali yangu ya traksuti, ya bluu, yenye mistari myeupe pembeni. Na raba zangu.

"Si umesema wa upande hupakii?" akaniambia.

Jamani. Mama yangu! Mwanamke ambaye sijawahi kumwona ndani ya suruali tangu nizaliwe. Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaenda kumtafutia helmeti.

Nilipoitoa pikipiki uani, mvua ikaanza.

Matone makubwa makubwa, yale ya kwanza, na lami ya nje ikaanza kung'aa. Mama amesimama mlangoni na mkoba wake, yuko tayari. Nikamwambia mama, tungoje kidogo. Wakati huohuo Side, kijana wa kijiweni, akasimamisha bodaboda yake mbele ya baraza letu, maji yanamchuruzika usoni. Habari za msiba zilishamfikia. "Shikamoo bi mkubwa, pole sana. Panda huku, nakupitisha vichochoroni, chap tu!"

Mama akamwangalia Side. Akaniangalia mimi. Akauliza, kwa nini mwenzio anaweza?

Hapa nikiri. Ufunguo niliutia, nikauchomoa, nikautia tena. Nilijua nikimchelewesha sitasahau maisha yangu yote, na yeye hatasahau, hata akinisamehe. Nilijua pia ile barabara ikoje dakika zile. Nikamjibu kwa ukali ambao sikuukusudia: "Yeye anaweza kuondoka, mama. Mimi nataka tufike."

Mtu na mama yake mzazi, siku ya msiba wa shoga yake! Nikasubiri neno zito linidondokee.

Mama akaketi barazani, helmeti kichwani juu ya mtandio, mkoba mapajani. Akamwambia Side, Mungu akubariki mwanangu, wewe nenda. Halafu akanigeukia. "Haya. Wewe ndiye dereva."

Nilimpenda sana wakati ule. Kila dakika iliyopita ilikuwa inamkata yeye, siyo mimi, na aliikalia pale kwenye saruji bila kunisukuma hata kwa jicho. Miaka yote hii nilidhani ananiona mtoto mkaidi aliyejinunulia ajali. Leo amenikabidhi ahadi yake ya ujanani, akaweka mikono juu ya mkoba.

Rehema akapiga tena. Mama akapokea, akasema bila kupepesa jicho, "Niko njiani, mwanangu." Barazani hapo! Hata mama yangu mcha Mungu ni mtu wa Bongo, kumbe.

Mvua ikakolea, ikamwagika hasa, mitaro ikaanza kupiga kelele. Kisha ikalegea. Nikaitazama lami, imeoshwa, imekuwa nyeusi tupu. Nikasema twende. Mama akapandisha baibui, akalifunga kiunoni, akatupa mguu upande wa pili kama mtu aliyefanya hivyo kila siku. Mikono akaizungusha tumboni kwangu, akanibana mpaka nikashindwa kupumua vizuri.

Tukapita Kinondoni katikati ya foleni, taratibu, mguu tayari kwenye breki. Nilimsikia mgongoni anasoma dua, moja baada ya nyingine, wala hazikatiki. Tulipolipita daraja la Salenda tukaingia Upanga, bajaji ikakatiza mbele yetu bila taa, bila honi, bila aibu. Nikabana. Pikipiki ikasimama wima, haikuteleza hata kidogo. Mbarikiwe, breki za jana! Dua ikakatika. "Mshenzi wee! Huna macho?" Huyo ni mama. Kisha akaomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu, akaendelea pale alipoachia.

Tukatokea Faya, tukaingia Kariakoo. Nyumba ya Bi Mwanahawa ni ya chini, imebanwa na maghorofa pande mbili, na turubai lilikuwa limeshafungwa nje. Wanaume kwenye mabenchi waligeuka wote kumtazama bibi wa makamo anayeshuka kwenye pikipiki amevaa traksuti. Hakuwajali. Alinipa helmeti, akalishusha baibui, akaingia.

Nilimfuata mpaka ukumbini. Maji ya moto yalikuwa tayari, harufu ya kafuri imejaa nyumba nzima, na wanawake wawili walikuwa wameshakunja mikono. Mama akasema, "Nipisheni. Huyu ni wangu." Wakampisha. Pazia likashushwa.

Nilibaki upande huu wa pazia na wanawake wengine. Nilisikia maji yakimiminwa kidogo kidogo, na sauti ya mama, chini chini, inamsemesha Bi Mwanahawa. Hakuwa anasoma dua. Alikuwa anamsemesha tu, mambo yao. Nikasikia jina langu. Nikasikia "pikipiki". Nadhani alikuwa anamsimulia tulivyokuja.

Alipotoka, uso ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini mabega yalikuwa yametulia. Rehema akamwinamia, akambusu mikono yote miwili. Mara adhana ya adhuhuri, wanaume wakalibeba jeneza, na kule nje takbira zikajaa mtaa mzima, hata wenye maduka ya jirani wakasimama.

Tumerudi alasiri, jua limetoka tena. Nilipoanza kuifuta pikipiki matope uani, mama akatoka, akavuta kigoda changu, akaketi karibu yangu. Hajawahi kuketi nami nikiisafisha. Akaniuliza ile ya chini ni nini, nikamwambia cheni. Akauliza inasafishwa kila wiki? Nikamwambia kila wiki, mama, wewe ukiwa umejifungia ndani. Akacheka kidogo.

Nami nikaendelea kufuta palepale, pameshatakata zamani.

Halafu akasema, bila kuniangalia, "Siku yangu mimi, watakupigia simu ukiwa dukani. Usiikimbize pikipiki. Ukikuta mvua inanyesha, ngoja ikatike. Mimi sitakuwa na haraka."

Nimemjibu sawa, mama.

Nimeandika yote haya nikijiuliza kama nitaweza kungoja.