Ukurasa Huu Tayari Upo

Kasulu, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na chai imenishinda kunywa.

Shajara, leo najichukia.

Redio yetu ndogo ina tovuti ya kutafuta ndugu waliopotea. Kila anayetafutwa ana ukurasa wake, na watangazaji huusoma hewani. Mimi ndiye fundi wa tovuti. Fomu ya kuongeza ukurasa mpya ilikuja na makorokoro mengi yasiyotuhusu, nikaipunguza: jina, kijiji, simu, picha, basi. Halafu nikajiongeza. Jina likijirudia, fomu ikatae na kuandika, "Ukurasa huu tayari upo." Nilitaka usafi.

Usafi, kwenye nchi ya Waha!

Kwetu Tanga sikulijua hili, lakini hapa nimeishi, sina pa kujificha. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, nyumba hii na nyumba ile. Ita Bukuru sokoni uone wauza maharage watakavyogeuka.

Leo kaja mama mmoja wa Heru Juu, naye ni Butoyi, kitenge kimelowa chapachapa, kuulizia pacha wake, ambaye alishawahi kuja kumwandikisha hapa. Bukuru wake alivuka mpaka pale Manyovu na biashara ya mawese, akapotelea huko. Mama yao ni mgonjwa sana sasa, na anamwita yeye tu.

Nikafungua ukurasa wa Bukuru. Nikakuta kijana wa Kasanda, hata ndevu hana. Bukuru wa huyu mama hakuwahi kuingia.

Nikamfuata Editha wa mapokezi, anayejaza fomu, nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Si wewe uliyeweka maneno hayo, kaka?" akasema. "Nikiona 'tayari upo,' nawaambia waende nyumbani, ndugu yao anatafutwa."

Mwenzake wa ofisi yetu ya Kibondo naye hufanya hivyohivyo. Na fomu haitunzi ilichokikataa. Sijui tumewarudisha wangapi na matumaini hewa, wala nitawapata wapi.

Niliporudi, yule mama alikuwa bado amesimama.

"Basi redio inamtaja?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikaitikia kwa kichwa, mwoga mimi.

"Mwakoze, asante mwanangu. Ngoja nikamwambie mama."

Akaondoka akikaribia kukimbia, kwenye mvua ileile. Simu hakuacha, picha hakuacha. Kile kikwazo nimekiondoa kwenye fomu papo hapo, kazi ndogo ya kutia aibu. Kisha nimekaa nikiutazama ukurasa mtupu unaosubiri jina, na sina cha kuandika zaidi ya Bukuru, Heru Juu.

Nimechoka na nafsi yangu.

Kukipambazuka napanda bodaboda kwenda Heru Juu, nikamwambie Butoyi kwamba hakuna mtu aliyekuwa akimtafuta pacha wake. Ee Mola, nisikute msiba.