Tenti Kubwa Haina Tatizo

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nimefokewa. Si mimi hasa — programu yangu. Lakini aliyesimama mbele ya meza ni mimi.

Bi Nyamvula wa hapa Kisauni alitaka kukodi tenti kubwa, harusi ya bintiye. Akaandika kwenye simu: tarehe 14, mwezi wa 14. Programu ikamjibu kwa herufi nyekundu: TAREHE HAIPO. Akaja mwenyewe, leso kiunoni, kuuliza ni nani aliyemjibu kama askari wa lango. Nimemwekea Jumamosi ya tarehe 14 mwezi huu kwa mkono wangu. Bado alinuna.

Kisha Mzee Mwinyihaji, mwenye biashara, akaniita. Mzee hapandishi sauti. Hilo ndilo linalonitisha. Akanieleza kwamba tangu marehemu babake akikodisha viti na sufuria, mteja hajapata kukatazwa hapa.

"Mteja haambiwi hapana, mwanangu. Huambiwa inshallah. Hapana ataiona mwenyewe."

Nikasema abee, kama binti wa Pwani. Mimi, mtoto wa Kakamega! Lakini niko kwenye majaribio, na barua ya kazi ya kudumu hutoka mwisho wa mwezi, au haitoki. Ningesema lolote.

Jumanne, 3 Desemba 2024

Nimeiandika upya. Kila baya linaloweza kutokea lina darasa lake, yaani aina yake ndani ya programu: TareheHaipo, TentiImekodiwa, VitiHavitoshi. Yote ni watoto wa darasa moja, Tatizo. Baya likitokea, programu hulirusha. Kazi yangu ni kulidaka.

Chuoni tuliambiwa: mdake mtoto kwa jina lake, umjibu kwa jina lake. Anayemdaka mzazi peke yake amenasa ukoo mzima kwa neti moja, asijue aliye ndani ni nani. Nayajua haya. Niliyajibu kwenye mtihani!

Lakini Mzee alikuwa nyuma ya kiti changu, ananukia udi, anauliza kama tayari. Nikamdaka mzazi. Jibu moja kwa yote: "Ahsante sana. Tumepokea. Inshallah." Maua pembeni.

Nitarekebisha kesho.

Ijumaa, 6 Desemba 2024

Sijarekebisha. Inapendwa mno.

Mzee huwasomea jibu letu majirani, kwa sauti, na maua huyaeleza. Bwana mmoja wa Kiembeni ameagiza viti vya tarehe ya juzi. Ameshukuriwa. Mwingine ameagiza sufuria hasi tatu — yaani sisi ndio tumchukulie? Ameshukuriwa pia.

Mzee anasema wiki nzima hakuna tatizo hata moja. Kweli. Yapo, ila hayasemi.

Akaongeza kwamba barua yangu anaifikiria vizuri. Nimeshindwa kula chakula cha mchana kwa furaha. Au kwa kitu kingine.

Jumatano, 11 Desemba 2024

Kazungu, mkuu wa vijana wa kufunga tenti, ameniuliza tenti kubwa inaanzia wapi wikendi hii.

Inaanzia? Tenti kubwa ni moja. Inakwenda kwa Bi Nyamvula, basi.

Akasema kuna Mama Griffin wa Frere Town, naye anaozesha Jumamosi, kanisani kwao. Amempigia simu kuuliza lori litaingilia lango gani. Ana ujumbe wetu wa shukrani. Amemwonyesha hadi mchungaji.

Nimekagua. TentiImekodiwa ilirushwa vizuri kabisa, kama nilivyoiandika. Neti yangu ikaidaka. Ikamshukuru Mama Griffin. Ikampa maua.

Nimekunywa maji. Nimekunywa tena.

Kazungu alicheka mpaka akakaa chini. "Dada Janice," akasema, "tenti si chapati, ukaikata."

Alhamisi, 12 Desemba 2024

Sikukuu ya Jamhuri. Nimekuja kazini hivyo hivyo.

Nimeivunja neti. Sasa kila mtoto anadakwa kwa jina lake: "Samahani, tenti kubwa imekodiwa siku hiyo." Hakuna maua. Na nisichoweza kukitatua nakiacha kiende juu. Ndiyo kanuni: tatizo lisilodakwa humpandia aliyeagiza kazi, kisha aliyemwagiza huyo, hadi juu kabisa.

Basi nikamwomba Kazungu ampandishie Mzee habari. Akasema yeye ni wa kamba na vigingi. Nikapanda mwenyewe. Nilisema yote, hata ile ya neti.

Mzee aliirekebisha kofia yake kwa muda mrefu. Kisha: "Inshallah."

Nikauliza, kwa adabu, ni nani atakayemwambia Mama Griffin.

"Inshallah."

Naye ana neti moja tu!

Ijumaa, 13 Desemba 2024

Naandika mezani ili nionekane nina kazi.

Lori limepakiwa, tenti imefungwa juu, Kazungu yuko usukani, injini inanguruma. Haendi popote. Akina mama wote wawili wako uani, wamekalia viti vyetu. Mzee aliposikia sauti ya Mama Griffin langoni, aliingia stoo ya sufuria na kuvuta pazia. Akaniagiza niseme amevuka feri ya Likoni. Nimesema. Wameelewa, feri ni feri.

Walianza vizuri. Wakasalimiana, wakapongezana kwa harusi, wakalaumu joto. Halafu Mama Griffin akatoa simu kumwonyesha mwenzake jinsi tunavyojibu kwa heshima. Bi Nyamvula akasoma polepole. Akarudi juu. Akasoma tena.

Kazungu amezima injini ili asikie vizuri.

Mama Griffin akampigia Mzee, amuulize huko Likoni aliko. Simu ikalia stoo. Nadhani imo ndani ya sufuria ya pilau, maana inavuma kama kengele.

Bi Nyamvula amekuja, ameegemea meza yangu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mle ndani mna nani?"

Simu imekatika. Imeanza upya. Mkono wa Mzee umechomoza pembeni mwa pazia, unanitikisia kidole mimi tu: hapana, hapana. Mara ya kwanza namwona akilisema.

Bi Nyamvula amevuta kiti. Anasema nimalize tu kuandika, yeye hana haraka. Sina la kuandika tena ila jibu lake, na kile kidole bado kinasema hapana.